Neno la Siri la Mama Hamudi

Sura ya Nne

Optatus alimwacha Fakihi aseme. Miaka aliyokaa upelelezi kule Mtwara, kabla hajaaga kazi ya serikali na kufungua ofisi yake ya uchunguzi karibu na stendi ya Masasi, ilimfundisha kwamba mtu mwenye wivu haulizwi maswali mapema. Anaachiwa uwanja. Atamwaga ya moyoni yote, halafu atakukasirikia wewe kwa kuyajua.

Walikuwa wamekaa kwenye kiofisi cha ghala, mlango wazi, na nje wabebaji walikuwa wakipandisha magunia ya korosho kwenye lori. Fakihi ndiye aliyekuwa msimamizi wa ghala hilo. Kampuni yao ilikuwa moja ya zile zilizochipuka baada ya serikali kuwaruhusu watu binafsi kununua korosho, na kama wapya wote ilipenda kuonekana ya kisasa. Mwaka mmoja nyuma ilikuwa imeunganisha kompyuta za ofisi zake za Masasi, Newala na Ndanda kwa laini za simu, ikaweka programu ya kuandikiana ujumbe papo kwa papo. Programu ikapewa jina la Soga. Uongozi ulidhani wafanyakazi watapeana bei na habari za malori. Walipeana bei kidogo na umbea mwingi.

Kwa Fakihi, Soga ilikuwa ndiyo ndoa yenyewe. Mkewe, Furaha, ambaye wengi walimwita Mama Hamudi, alikuwa karani wa ofisi ya Newala, na tangu ahamishiwe huko wawili hao walikuwa wakikutana kwenye Soga kila alasiri. Mtu anaandika jina lake, anaandika neno lake la siri, Soga inamfungulia, na jina lake linawaka kijani kwenye vioo vya wenzake wote. Sasa ilikuwa wiki ya tatu jina la Furaha haliwaki. Akipigiwa simu anasema mashine inamkataa, kila akikaa anakuta amefungiwa kwa kukosea neno la siri.

"Anakosea vipi kila siku?" Fakihi aliuliza. "Ntu anasahau njia ya kwake? Nke wangu ana mahali pengine anapopiga soga, njomba. Mimi nimewekewa kufuli."

Alikuwa na majina tayari. La kwanza lilikuwa Lukumani, mpima mizani wa Newala, kijana wa mashati ya kupigwa pasi na maneno matamu. La pili Sultani, mwalimu aliyewahi kumposa Furaha akakataliwa. La tatu Marko, dereva wa lori la kampuni, ambaye Fakihi alikuwa na hakika alimpelekea mkewe ming'oko, vile viazi vya porini, tena iliyokwisha kuchemshwa. Hilo la kuchemshwa lilimuuma kupita yote. Hata hivyo kila mara alirudi kwa Lukumani, akiliburuta jina hilo kwa ile u ya katikati, na kila akilitaja alijifuta jasho shingoni.

Optatus alimuuliza anataka nini hasa. Fakihi akasema Ijumaa wazee wa pande zote mbili wanakaa Kitangari, nyumbani kwa mama yake. Wamekwisha kuitwa.

"Niletee jina," alisema. "Ukiniletea, natoa talaka mbele yao, nimemaliza."

"Na nikikuta hakuna jina?"

"Jina lipo."

Ilikuwa Jumanne. Optatus alifunga zipu ya mkoba wake, akaomba aonyeshwe seva ilipo.

Seva, ile kompyuta kubwa inayoibeba Soga nzima, ilikaa chumba cha nyuma chenye feni. Lilikuwa feni pekee katika jengo zima, na Basil, fundi wa kompyuta, alishinda chini yake kutwa kwa kisingizio kwamba mashine haitaki joto. Alikuwa mtu wa kujiamini, mwenye kucheka kabla hujamaliza swali. Optatus alianza na ya kawaida. Alimwambia Basil aingie kwa jina lake mwenyewe, akaingia. Atunge jina la majaribio, likakubaliwa. Aandike neno la siri kwa herufi kubwa, likakataliwa, kama inavyotakiwa. Akauliza kibodi ya Newala ina hali gani. Basil akajibu kuwa ni mpya, na kwamba mpima mizani na mlinzi huitumia kompyuta hiyo hiyo kwa majina yao na hawapati shida.

Kwa hiyo mashine haikuwa na kosa, na laini ya simu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa limegandamana na jina moja tu.

Basil alieleza kwamba mtu akikosea neno lake mara tatu, Soga inamfungia mpaka fundi amfungulie. Alikuwa amemfungulia Furaha mara mbili asubuhi, kwa ajili ya kazi. Mara zote mbili aliingia kwa jaribio la kwanza, kwa neno lile lile la siku zote, akamaliza shughuli zake, akakata laini kupunguza gharama ya simu. Akirudi alasiri anakuta kufuli. Mwishowe Basil alichoka, akaacha.

"Anaingia kwa jaribio la kwanza," Optatus alirudia. "Basi anayekosea siye yeye. Kuna mtu anabisha hodi kwa jina lake."

Basil aliacha kucheka. Alifungua kumbukumbu za seva, nazo zilionyesha saa lakini hazikuonyesha mahali, kwa kuwa ofisi zote zilipita mlango mmoja. Majaribio yote yalikuwa ya mchana, wakati watu wametoka kwenda kula. Yaliendelea hata siku ambazo jina lilikuwa limefungwa tayari, kama mtu asiyejua maana ya kufungwa. Optatus aliandika tarehe zake, akauliza kama Soga huhifadhi na yale maneno yenyewe yaliyoandikwa kwa makosa. Fundi alijikuna kichwa. Huhifadhi, alikiri, aliyeitengeneza aliiacha hivyo kwa uvivu, lakini kuyafungua kunahitaji ruhusa ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Dar es Salaam. Aliahidi kumpigia.

"Mimi nilimpa dawa nyepesi," Basil aliongeza, akijitetea. "Nilimwambia abadilishe paswedi, yaishe. Akakataa kata kata."

Optatus aliinua kichwa. Karani anaelekea kupoteza ndoa kwa ajili ya neno, anapewa neno jingine bure, analikataa. Hilo halikumpendeza hata kidogo.

Jumatano asubuhi alipanda Newala kwa pikipiki yake. Mvua za kwanza zilikuwa hazijafika, na pale mjini wanawake walikuwa wamepanga ndoo mbele ya bomba lililokauka, kila ndoo ikimshikia mwenyewe nafasi. Ofisi ya kampuni ilikuwa nyumba ya kupanga yenye chumba kimoja cha mbele na mizani barazani. Furaha alikuwa ametoka kwenda benki, kwa hiyo Optatus akaanza na Lukmani. Hivyo ndivyo mwenyewe alivyojitambulisha, na ndivyo alivyoitwa na mlinzi, na ndivyo lilivyopakwa rangi kwenye kiti chake cha mbao ili wakulima wasikikalie.

Lukmani alijibu kila swali kwa mzaha, mpaka alipoulizwa kwa nini mchana haendi kula na wenzake, na kwa nini mlinzi amemwona zaidi ya mara moja amesimama nyuma ya kiti cha Mama Hamudi. Mzaha ukakatika. Alitazama mizani yake, akasogeza jiwe la kupimia, akalirudisha.

Kisha akasema ukweli, na ukweli wake ulikuwa na uchungu. Alikuwa na kampuni tangu iliponunua gunia la kwanza Newala. Alisoma kompyuta Mtwara kwa fedha za korosho za baba yake. Ilipokuja nafasi ya ukarani akajua ni yake, akawaaga hata watu wa mizani. Halafu akaletwa mke wa bwana ghala kutoka Masasi, akapewa kiti na kompyuta, naye akabaki na vumbi. Alimwonea wivu, alisema, wivu mpaka wa zile kucha zake safi. Ndiyo, alisimama nyuma yake ili aone vidole vinagusa wapi. Alitaka kuingia kwa jina lake, awaandikie wakubwa upuuzi, wamwondoe.

"Ukaingia?"

"Sikupata neno. Anafunika mkono kwa kanga akiandika," Lukmani alisema. "Mimi sijaona karani anafunika mkono kwa kanga."

Sababu ilikuwepo. Nafasi ilikuwepo. Nusu ya kukiri ilikuwepo, na nje pikipiki ilikuwa na mafuta ya kumrudisha Masasi kabla ya jua kuwa kali. Mpelelezi mvivu angeishia hapo, na kwa dakika nzima Optatus alimwonea wivu mpelelezi huyo mvivu. Lakini kazi ni kazi. Alitoa tarehe zake akamuuliza Lukmani habari za Jumatatu ya wiki iliyopita, mchana.

Lukmani hakuhitaji kufikiri. Jumatatu ile alifariki mwenye nyumba wanayopanga, wakafunga ofisi kwa kufuli tangu asubuhi hadi jioni, wakaenda mazikoni wote. Yeye alikuwa miongoni mwa wachimba kaburi. Optatus alivuka barabara akamuuliza mwenye duka la mbele, akamuuliza na mlinzi kwa wakati wake, na maelezo yao yalilingana mpaka kwenye jembe alilolivunja Lukmani kwenye mwamba. Basi Jumatatu ile ofisi ya Newala ilikuwa na kufuli mlangoni, na Jumatatu ile ile mchana kuna mtu alibisha mara tatu kwa jina la Furaha. Mkono huo haukuwa Newala.

Furaha alirudi akamwamkia shikamoo, ingawa Optatus hakumzidi umri kwa mengi, naye akaitikia marahaba. Alikuwa mwanamke wa Masasi, Mmakua, mtulivu, wa kusikiliza mpaka mwisho. Habari za Ijumaa alikuwa nazo. Alimkaribisha kiti, akampa majibu ya kila kitu bila kusitasita. Sultani hakumwona tangu aolewe. Marko alileta ming'oko kwa ofisi nzima, na yeye alipata mbili. Kompyuta anaitumia kwa kazi asubuhi, na alasiri kwa mumewe.

Optatus akafika pale alipotaka kufika.

"Mama Hamudi, neno lako la siri ni lipi?"

"Hilo sisemi."

"Ni jina?"

Furaha aliupitisha mkono juu ya kibodi, taratibu, kama anayeifuta vumbi. "Ni jina."

"La mwanamume?"

"Ndiyo."

"Yu hai?"

"Yu hai, anakula na kulala."

"Mumeo anajua kuwa ndilo?"

"Angejua, wewe usingekuja hapa."

Optatus alimwambia bila kuzunguka kwamba akiwajibu wazee namna hiyo, Ijumaa jioni hatakuwa na ndoa. Furaha akasema anajua. Alisema pia kwamba Basil alimtaka abadilishe neno, naye akakataa, na angekataa tena, kwa sababu neno lile ndilo alilochagua siku ya kwanza alipokaa peke yake katika ofisi hii na hakuwa na kitu kingine cha mumewe karibu. Akajikuta amesema zaidi ya alivyokusudia, akafunga mdomo.

"Mimi sina ruhusa ya kulitamka," alisema baadaye. "Nikilitamka mbele ya mtu baki nimemvua nguo mtu. Nenda Kitangari kwa mama mkwe. Yeye ndiye aliyenipa."

Badala ya kushuka Masasi, Optatus alipinda njia ya Kitangari. Mama yake Fakihi, Bi Stamili, alikuwa ameketi ubavuni mwa nyumba karibu na tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua, ambalo msimu huu lilibaki na tope tu. Maji ya ndani yalikuwa yametoka mbali, kichwani. Hata hivyo alimletea mgeni kikombe, na Optatus, aliyekulia Ndanda na kujua kikombe hicho kina jasho la nani, alikipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akarudisha.

Alimweleza habari ya Soga kwa maneno mepesi: kuna mlango, mlango una neno, mkweo kasema neno umempa wewe. Bi Stamili alimtazama, akitafuta ni neno gani. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajipiga goti.

"Kaliweka kwenye mashine," alisema. "Yule ntoto kaliweka kwenye mashine."

Akamweleza, ingawa Optatus kabla hajamaliza alikuwa amekwisha kujiona mjinga kwa kutokufikiria hilo. Mtoto wa kiume akiingia jandoni huingia na jina moja na kutoka na jingine. Fakihi ni jina alilotoka nalo. Lile la utotoni lilibaki porini na kibanda kilichochomwa moto, na kuanzia siku hiyo aliyemwita mtu kwa jina hilo alikuwa amemtukana tusi zito, amemwambia yeye bado hajawa mwanamume. Watu hupigana kwa hilo mpaka wakiwa na mvi. Lakini mama hasahau. Hamudi alipozaliwa, Bi Stamili alimwita mkwewe ndani, akamnong'oneza lile jina sikioni.

"Nilimpa awe nalo, asilitumie," alisema. "Mwanangu hajui kama nkewe analo. Nke akiwa na jina lile, ana ntu nzima, tangu alipokuwa mdogo. Hakuna kilichobaki nje."

Optatus hakuuliza jina lenyewe, naye mama hakulitaja. Aliaga akasukuma pikipiki mpaka njiani kabla ya kuiwasha. Yeye pia alikuwa na la kwake lililobaki porini Ndanda. Mwanamke aliyeishi naye miaka sita na kuondoka na vyombo vyake hakuwahi kuuliza kama lipo. Alimwonea Fakihi wivu, wivu wa kweli, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba mwenye mali hakujua anayo na alikuwa mbioni kuitupa.

Alhamisi asubuhi Basil alikuwa na ruhusa ya mkurugenzi. Alifungua maneno yaliyokosewa, akayasoma moja moja, na sauti yake ikazidi kupungua kadiri alivyoendelea. Siku ya kwanza: lukumani, sultani, marko. Siku ya pili: lukumani kwa herufi kubwa, lukumani kwa herufi ndogo, sultani. Iliendelea hivyo kila mchana. Hata ile Jumatatu ya mazishi, lukumani mara tatu, bila kupumzika.

"Anayetafuta ni mmoja tu," Basil alisema. "Lakini nani?"

Optatus alimwomba arudie tahajia ya jina la kwanza, herufi kwa herufi. Newala nzima, mlinzi, mwenye duka na hata kiti cha mbao, walisema na kuandika Lukmani. Tangu aanze kazi hii alikuwa ameisikia ile u katika mdomo mmoja tu. Na majina yale matatu alitajiwa kwa mpangilio huo huo, kwenye kiofisi cha ghala, na mtu aliyekuwa akijifuta jasho.

Alimwambia Basil afungue jina la Furaha, kisha amwite Fakihi.

Fakihi aliingia akitazama mkoba wa Optatus, kama jina alilolingoja limo humo. Aliposomewa maneno yale alikana. Aliposomewa ya Jumatatu na kuonyeshwa ile u, alikaa. Hakukana tena. Alisema mke ni wake na maneno ya mkewe ni yake. Alitaka kusoma anachoandikiana na watu, basi. Mchana watu wakitoka kwenda kula, yeye alibaki na kompyuta ya ghala, akaandika jina la mkewe, akajaribu. Alijua neno la siri la mwanamke ni jina la anayempenda. Hilo alikuwa na uhakika nalo.

"Na kila ulipojaribu ulimfungia wewe," Optatus alisema. "Alasiri unakaa kumsubiri, haji, unasema yuko kwa mwingine. Kesho yake mchana unajaribu tena kwa hasira zaidi, unamfungia tena. Kufuli unayoilalamikia umeiweka kwa mkono wako."

Feni liliendelea kuzunguka. Fakihi alianza kuvunja vidole vyake, kimoja kimoja.

"Neno ni lipi?" aliuliza hatimaye.

"Ulisema ni jina la anayempenda. Hapo hukukosea. Nimetoka kwa mama yako Kitangari, na mimi sina ruhusa ya kulitaja, wala mkeo hana. Fikiri. Ni jina gani ukiitwa nalo unapiga mtu?"

Ilichukua muda. Optatus aliona lilivyokuwa likiingia, kwanza kama hasira, uso ukakaza na ngumi ikajikunja, kisha hasira ikakosa pa kushika. Fakihi alisogeza kiti. Aliweka bega lake kubwa kati ya kibodi na macho ya wenzake, akaandika kwa kidole kimoja. Kwenye kioo pakatokea: Karibu, Furaha.

Yote aliyoyawinda yalikuwa humo. Habari za malori ya Ndanda. Bei. Marko akiuliza kama mizani imetengenezwa. Na alasiri baada ya alasiri, yeye mwenyewe, Fakihi, na mkewe akimjibu, maongezi marefu ambayo mkewe hakuyafuta hata moja. Alisoma akisogeza midomo. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke, mbele ya Basil, ambaye aligeuka akajifanya anakagua waya. Optatus naye alitazama pembeni. Ule wivu wa jana ulikuwa bado unamsumbua, na hakutaka uonekane.

Baadaye Fakihi alicheka. Alitoka kwenye jina la mkewe, akaingia kwa jina lake, akamwambia Basil apige simu Newala, amwambie Mama Hamudi mlango uko wazi. Akasema leo leo atatuma mtu Kitangari awaambie wazee wasisumbuke. Alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye kutaka kumlipa kila mtu soda. Basil alipiga simu. Aliulizwa jambo upande wa pili, akamtazama Optatus, naye Optatus akatikisa kichwa kuruhusu, maana jana alikuwa amemwahidi Furaha kwamba akimjua anayemfungia, na yeye atajua. Basil akajibu ukweli kwa sauti ndogo, akakata simu.

Jina la Furaha liliwaka kijani.

Fakihi aliandika haraka, akasoma kwa sauti huku akiandika: "Mama Hamudi, nisamehe. Yamekwisha. Nawaambia wazee wasije."

Halafu jibu likaja, na hakulisoma kwa sauti, lakini kioo kilikuwa wazi kwa wote watatu.

"Ulijaribu majina ya nani?"

Fakihi aligeuka kumtazama Optatus kama mtoto anayetafuta jibu kwa jirani. Optatus hakumpa. Akaandika: "Ya watu tu."

"Lako ulijaribu?"

"Ndiyo."

"Lini?"

Alikaa na mikono hewani. Mwishowe akaandika: "Leo."

"Leo umeambiwa," Furaha aliandika. Kisha, baada ya muda: "Wiki tatu unatafuta ninayempenda, na hukujiweka hata kwenye foleni. Wazee waje Ijumaa. Safari hii mimi ndiye nitakayesema."

Jina lilizimika. Fakihi alisema laini imekatika, akatoka kwenye jina lake, akaandika jina la mkewe, akaficha tena kibodi kwa bega, akaandika kwa kidole kimoja lile jina ambalo hakuna mwanamume wa kwao angeliandika kwa hiari yake. Soga ikamjibu kwamba neno la siri si sahihi. Akarudia, polepole. Si sahihi. Basil aliinama kwenye seva, akasema kwa upole kwamba mashine haina tatizo. Furaha kabadilisha neno, dakika hii hii.

Optatus alikwisha kuuchukua mkoba wake na alikuwa mlangoni. Kazi aliyopewa ilikuwa imekwisha, na ya Ijumaa haikuwa yake. Alimhurumia yule mtu, na alitaka kumwambia aondoke pale, apande pikipiki sasa hivi aende Newala, apige magoti kama ikibidi, maana mkewe bado alikuwa mkewe mpaka Ijumaa. Alifungua mdomo amwambie hivyo. Fakihi akawahi. Alikuwa amegeuka kwenye kiti, uso umekaza upya, na macho yake yalikuwa yale yale ya Jumanne.

"Kaweka jina la nani?" aliuliza.